Yale Huchangia, Sisi Hulipa

Mwishoni mwa Juni masanduku ya barua ya mtaa wetu hapa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, hujaa bahasha za kodi, nyeupe, zenye kidirisha cha nailoni kinachoonyesha jina lako. Mwaka juzi mama anayekaa ghorofa ya chini alinigongea mlango saa moja jioni, ya kwake mkononi. Ni mtu wa Uvira, Kongo. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Connecticut, na kwa kuwa kazi yangu ni ukalimani, nyumba nzima huniletea karatasi zao.

“Hii tena ni ya nini, mwanangu? Gari nilishanunua, bima nalipa, namba nililipa.”

Ilikuwa kodi ya gari, dola 194.76. Gari lenyewe ni Corolla ya zamani ambayo huendesha usiku kwenda kufanya usafi maofisini. Tukakaa mezani jikoni nikamweleza. Connecticut gari ni mali kama nyumba ilivyo mali. Mji unalithamini, unachukua asilimia 70 ya thamani hiyo, kisha kila dola 1,000 inatozwa dola 32.46. Lake, baada ya hiyo asilimia 70, limeandikwa 6,000. Akachukua kalamu akazidisha mwenyewe nyuma ya bahasha, tarakimu moja moja, kwa ule utaratibu wa mtu aliyefundishwa hesabu ubaoni, na akapata jibu lilelile. Nikamwonyesha na mstari wa chini: ukichelewa, riba ni asilimia 1.5 kwa kila mwezi.

Akanyamaza. Halafu akanyoosha kidole dirishani, upande wa mjini.

“Na bale ba manyumba ya majiwe, nabo banalipaka?”

Nilikuwa na vitenzi viwili mdomoni na nikachagua cha kwanza. Nikamwambia, “Wanachangia, mama.”

“Mi nauliza kama banalipa.”

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile. Kazi yangu yote ni kuchagua neno linalobeba ukweli bila kumwaga, na usiku ule nilijua nimemwaga. Kila Mswahili anajua kuchangia ni nini. Kadi ya harusi inakuja, unaahidi laki moja, mambo yakikaa vibaya unatoa hamsini na bado unashukuriwa, na mwakani ukikataa hakuna wa kukupeleka mahakamani. Kulipa ni kingine kabisa. Hakuna aliyewahi kuandikiwa barua ya shukrani kwa kulipa kodi ya pango.

Nyumba za mawe alizozionyesha ni Chuo Kikuu cha Yale. Kilianzishwa 1701, kikahamia New Haven 1716, na leo ukitoka kwetu Dixwell kwa miguu kwenda katikati ya mji, kitu cha kwanza kinachokuzibia anga ni jumba lake la mazoezi, Payne Whitney, ambalo mgeni yeyote hudhani ni kanisa kuu. Ndani yake watu wanaogelea na kucheza mpira wa kikapu. Nyuma ya jumba hilo kuna maktaba, mabweni, maabara, makumbusho, mnara wa Harkness unaopiga kengele. Sehemu kubwa sana ya vyote hivyo haitozwi kodi ya majengo na mji.

Kwa msomaji wa Dar au Mwanza inabidi nieleze kwa nini jambo hili ni zito hivyo. Kwetu kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ilipoanza kukatwa namna hiyo mwaka 2021 ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mtu hulalamika, lakini hahami kwa sababu yake. Hapa kodi ya mali ndiyo inayouweka mji hai. Shule, zimamoto, polisi, maktaba, magari ya kuondoa theluji, pensheni za wazee waliotumikia halmashauri, vyote vinaegemea hapo. Mwaka wa fedha 2022–23 kiwango cha New Haven kilikuwa dola 39.75 kwa kila dola 1,000 ya thamani inayotozwa. Nyumba ya dola 200,000 sokoni, ambayo hapa si nyumba ya tajiri, ilidaiwa dola 5,565 kwa mwaka mmoja. Mwenye nyumba akiipata bili hiyo haibaki kwake. Barua ya mwisho niliyoletewa ya kupandishiwa pango ilitaja kodi ya mji katika sentensi ya pili.

Sasa chukua mji wa watu kama 134,000, na ndani yake zaidi ya nusu ya thamani ya majengo na ardhi imesamehewa: chuo, hospitali kubwa, makanisa, majengo ya serikali. Mzigo haupungui kwa sababu wabebaji wamepungua.

Nilikulia Muheza, na nikitafuta mfano akili yangu hukimbilia msaragambo. Siku ya msaragambo kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Barabara ya kwenda zahanati ikishakatika kwa mvua, ilikuwa yetu sote. Asiyetokea alitozwa faini, na mwenye duka kubwa kuliko wote, mtu ambaye mikono yake ilikuwa laini, alikuwa akimtuma kijana wake mapema kabisa asisemwe. Nilipokuja kusoma historia ya msamaha wa Yale nilikuta hati ya mwaka 1745, ya enzi za koloni, ambayo iliondolea kodi mali ya chuo hadi kiwango fulani, na watu wake ikawaondolea hata zamu za kutengeneza barabara. Yaani waliondolewa kwenye msaragambo, kwa maandishi. Wakati ule kilikuwa chuo kidogo cha kufundisha wachungaji, maskini kweli, na naona hekima ya waliokisaidia. Katiba ya Connecticut ya mwaka 1818 ikaithibitisha hati hiyo. Mwaka 1899 mji ulijaribu kutoza mabweni na kumbi za kulia, na mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kuwa nayo ni sehemu ya chuo, hayatozwi. Msamaha alioandikiwa mtoto mchanga umebaki vilevile mtoto alipokuwa jitu.

Na ni jitu. Wakfu wake, yaani fedha ilizotolewa na kuziwekeza, Juni 2024 ulikuwa dola bilioni 41.4.

Natumia neno wakfu kwa makusudi, maana sisi wa pwani tunalijua. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwangalizi wa wakfu wa msikiti mmoja Pangani: vyumba vitatu vya duka na minazi kadhaa. Alikuwa na daftari lenye jalada la bluu, na kila shilingi ya pango iliandikwa humo pamoja na ilikokwenda: mafuta ya taa, mkeka, sanda ya maiti asiye na ndugu. Wakfu ule ulikuwa na masharti ya aliyeuweka, na babu hakuthubutu kuyavunja. Kwa hiyo Yale wanaposema kwamba fedha zao ni maelfu ya mifuko midogo, kila mmoja umefungwa na nia ya mtoaji wake, huyu kwa masomo ya muziki, yule kwa kiti cha profesa wa fizikia, siwabishii. Ndivyo wakfu ulivyo. Lakini nakumbuka pia kisima. Kisima cha wakfu kilikuwa ndani ya ua wa msikiti, na mtaa mzima ulichota humo, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu ndoo zao ndizo zilizokuwa zinakanyaga njia ya msikiti kila siku na hakuna aliyeona msikiti unaweza kushiba katikati ya mtaa wenye kiu. Daftari la bluu lilikuwa na ukurasa wa matengenezo ya kisima. Lilikuwa fungu la kila mwaka, halikusubiri mtu aombe.

Mambo yalivyokuwa mwaka 2021 yalinifundisha maana ya kusubiri. Machi mwaka ule meya wetu, Justin Elicker, alipeleka kwa madiwani bajeti mbili badala ya moja. Bajeti ya kwanza ilitegemea kwamba jimbo na Yale wataongeza fedha nyingi. Ya pili ilikuwa ya shida: tawi la maktaba lifungwe, kituo cha zimamoto kifungwe, kituo cha wazee kifungwe, na kodi ipande asilimia 7.75. Nilizisoma zote mbili usiku mmoja. Sijawahi kuona nyaraka ya serikali inayotia huruma kama ile, mji mzima umekaa mkao wa mtu aliyeandika barua mbili kwa mjomba wake na hajui atatuma ipi.

Miezi michache baadaye Yale ilitangaza hesabu zake za mwaka. Wakfu ulikuwa umepata faida ya asilimia 40.2 na kupanda kutoka dola bilioni 31.2 hadi bilioni 42.3. Bajeti nzima ya mji ilikuwa kama dola milioni 600. Nyongeza ya mwaka ule mmoja peke yake ingeendesha New Haven kwa zaidi ya miaka 18.

Katika miezi hiyo watu hawakukaa kimya. Vyama vya wafanyakazi wa chuo, makarani na wapishi na mafundi, waliungana na kikundi cha New Haven Rising, wakaweka mabango kwenye nyua za nyumba kuanzia mtaa wa Newhallville hadi mtaa wa the Hill yakiitaka Yale iuheshimu mji. Wengi wa walioandamana wanakula mshahara wa Yale. Naona hilo ni ushahidi wa uzito wa jambo lenyewe: mtu hadai kwa mwajiri wake hadharani kwa kitu chepesi. Na Dixwell, mtaa wa Wamarekani weusi kwa vizazi vingi, dai hili lina mizizi mirefu kuliko bajeti yoyote. Mwaka 1831, lilipotolewa wazo la kujenga hapa chuo cha watu weusi, wananchi wenye haki ya kura walikutana wakalikataa, kura 700 kwa 4, na watu wa Yale wakiwa miongoni mwa waliokataa. Mwaka 2024 Yale iliomba radhi rasmi kwa uhusiano wake na utumwa. Jirani yangu mzee wa Dixwell aliisoma radhi ile gazetini, akalikunja vizuri, akaniambia yeye anasubiri ukurasa wenye tarakimu.

Novemba 2021 tarakimu zilikuja. Rais wa chuo wakati huo, Peter Salovey, na meya walisimama pamoja kutangaza makubaliano ya miaka sita. Mchango wa hiari uliokuwa kama dola milioni 13 kwa mwaka ungeongezwa milioni 10 kila mwaka kwa miaka mitano, na milioni 2 mwaka wa sita. Jumla ya nyongeza ni milioni 52. Zaidi ya hapo Yale ilikubali kwamba ikinunua jengo linalolipa kodi na kulitoa kwenye orodha, italifidia pengo hilo kwa kiwango kinachopungua kidogo kidogo kwa miaka 12.

Nilifurahi siku ile, na furaha ile ilikuwa ya haki. Tawi la maktaba halikufungwa. Hakuna chuo kingine hapa nchini, kwa maelezo ya Yale yenyewe, kinachoupa mji wake fedha nyingi namna hiyo kwa hiari. Lakini soma tena ule mwaka wa sita. Nyongeza inashuka kutoka milioni 10 hadi milioni 2, na makubaliano yanaishia 2027. Mishahara ya walimu haishuki mwaka wa sita. Paa la shule halijui kwamba makubaliano yamekwisha. Mji utarudi mezani kama ulivyokwenda mara ya kwanza, kofia mkononi, na aliye upande wa pili ana haki kamili ya kisheria ya kusema safari hii hapana.

Wako wanaonijibu kwamba Yale tayari inatoa mengi, na ni kweli, na haifai kuyaficha. Ni mwajiri mkubwa kuliko wote mjini. Maduka yake ya Broadway na Chapel yanalipa kodi kama duka la mtu yeyote, na kwa hayo imo miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa New Haven. Tangu 1994 inawasaidia wafanyakazi wake kununua nyumba ndani ya mji. Inagharimia New Haven Promise, inayowalipia ada vijana waliomaliza shule za umma za hapa na kwenda vyuo vya umma vya Connecticut. Ninawafahamu watoto wawili wa Kikongo waliosoma kwa fedha hiyo, na mmoja wao sasa ni muuguzi. Jimbo nalo hufidia miji kwa mali zilizosamehewa. Sheria iliweka fidia ya vyuo na hospitali hadi asilimia 77 ya kodi iliyopotea, lakini miaka mingi jimbo lilitoa pungufu sana, mpaka mwaka 2021 bunge la Connecticut lilipobadili utaratibu na New Haven ikaongezewa kama dola milioni 49 kwa mwaka.

Ukiitazama kwa makini, fidia hiyo ya jimbo inatoka kwa nani? Inatoka kwa walipa kodi wa Connecticut, akiwemo mama wa ghorofa ya chini, anayekatwa kodi ya mapato ya jimbo kila wiki mbili. Yeye analipa kodi ya gari lake, kisha anachangia kuifidia kodi ya Yale.

Hoja inayonigusa kuliko zote ni ile ya kwamba tusiwabane, wasije wakakasirika. Mji huu unajua kuachwa. Kiwanda cha bunduki cha Winchester kiliajiri maelfu kwa maelfu ya watu wa Dixwell na Newhallville, na kilipofungwa kabisa mwaka 2006 kilikuwa kimeshakonda kwa miongo. Mwenye kiwanda anaweza kuondoka, na anajua kwamba unajua. Chuo hakiondoki. Mwaka 2016, maseneta wa Connecticut walipopeleka muswada wa kutoza faida ya wakfu wa Yale, gavana wa Florida wa wakati ule, Rick Scott, alikialika chuo kihamie kwake. Yale ilijibu kwamba imekuwa pamoja na New Haven na Connecticut miaka 300, na inatazamia karne tatu nyingine na zaidi. Muswada ulikufa, lakini jibu lile ninalithamini. Mtu anayetazamia kukaa karne tatu nyingine ni mkazi, na mkazi ana zamu kwenye msaragambo.

Kuna jambo moja la karibuni linaloniumiza. Mwaka 2017 serikali kuu ya Marekani ilianza kutoza faida za wakfu za vyuo tajiri asilimia 1.4, na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imepandisha kiwango hadi asilimia 8 kwa vyuo vyenye wakfu mkubwa kabisa kwa kila mwanafunzi, Yale ikiwemo. Kwa karne nzima tuliambiwa wakfu haugusiki. Sasa umeguswa, na fedha zinakwenda Washington. Hakuna senti iliyoandikiwa New Haven. Tayari chuo kinapunguza matumizi, na ninachohofia ni kwamba tutakapofika 2027 tutaambiwa kisima kimepungua maji, wakati ndoo zetu hazikuwahi kupewa zamu.

Ninachotaka mimi si kingi. Nataka kiwango kinachopigwa kwa thamani ya majengo, kinachopanda majengo yanapoongezeka, kilichoandikwa kwa namna ambayo meya ajaye na rais ajaye wa chuo watakikuta kipo. Boston tangu 2012 inaziomba taasisi zake kubwa robo ya kodi ambayo zingelipa kama si msamaha, na nusu ya hiyo zinaruhusiwa kuitoa kwa huduma. Nayo ni ombi tu, zipo zinazotoa pungufu, lakini angalau kila mtu anaijua hesabu na anaweza kuipiga nyuma ya bahasha. Wanaharakati wa hapa walikokotoa kwamba kodi kamili ya Yale ingezidi dola milioni 100 kwa mwaka. Robo yake si mbali sana na kilichotolewa kila mwaka katika miaka hii mitano, kwa hiyo chuo hakiwezi kusema kitafilisika. Tofauti ni kwamba ingekuwa deni.

Tulikwenda kulipa pamoja, mimi na mama wa ghorofa ya chini, wiki ya tatu ya Julai. Alivaa kitenge kizuri na kubeba fedha taslimu. Ofisini mtaa wa Church alihesabu noti, akapewa risiti, akaisoma jina lake herufi kwa herufi, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki anaohifadhia karatasi zake zote, pamoja na kadi ya chakula ya Nyarugusu ambayo hataki kuitupa.

Wakati wa kurudi tulikatiza kwa miguu kupitia Wall Street, kati ya College na York, ambako magari hayapiti. Kushoto na kulia ni mawe ya Yale. Nikamwambia barabara hii ilikuwa ya mji, na mwaka 2013 mji uliiuza kwa chuo, pamoja na kipande cha High Street, kwa dola milioni 3, kwa sababu bajeti ilikuwa na pengo.

Akasimama. “Barabara? Nayo banauzishaka?”

“Waliiuza, mama.”

Akaitazama mbele na nyuma. Kisha akatoka pembeni tulikokuwa tunatembea, akaingia katikati kabisa ya barabara, na akaenda nayo hivyo hivyo, polepole, mfuko wake kwapani, mpaka tulipotokea York.